Kombe la Gossage: Timu za Taifa Kabla ya Taifa

Utangulizi

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kandanda ya Afrika Mashariki imesifiwa na kulaumiwa kiasi cha kusahauliwa ilikotoka. Mashabiki wanajua kwa ghibu majina ya wachezaji wa ligi za Ulaya, ilhali ni wachache mno wanaofahamu kuwa ukanda huu wenyewe ulianza kushindania kombe baina ya timu za nchi mnamo mwaka wa 1926, miaka minne kabla ya Kombe la Dunia kuchezwa kwa mara ya kwanza kule Uruguay, na zaidi ya miongo mitatu kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika kuanzishwa mwaka wa 1957. Kombe hilo liliitwa Kombe la Gossage.

Makala haya yananuia kueleza chimbuko la kombe hilo, kukua kwake na hatima yake. Hata hivyo, lengo si kuorodhesha washindi tu. Kombe la Gossage linazua swali ambalo mwanafunzi wa lugha na fasihi hawezi kulipuuza: je, iliwezekanaje kuwako timu za taifa mahali ambapo hapakuwa bado na mataifa? Mwaka wa 1926 Kenya ilikuwa koloni, Uganda, kama Zanzibar, ilikuwa nchi lindwa, na Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Hakuna hata moja iliyokuwa na bendera yake yenyewe ya uhuru. Makala haya yanashikilia kuwa kandanda iliwafunza watu wa maeneo haya kutamka neno "sisi" kwa upana mpya kabla ya siasa kulihalalisha, na kwamba somo hilo, likishakolea, halifutwi kwa tamko la serikali.

Kombe la Sabuni

Gossage si jina la gavana wala la mchezaji. Ni jina la kampuni ya kutengeneza sabuni, William Gossage and Sons, iliyokuwa na makao yake mjini Widnes, Uingereza. Kufikia wakati wa kutoa kombe hili, kampuni hiyo ilikuwa tayari chini ya kampuni kubwa zaidi ya Lever Brothers. Ni dhahiri kuwa nia ilikuwa ya kibiashara. Sabuni ilikuwa mojawapo ya bidhaa za kwanza kutoka viwandani kuingia katika nyumba za kawaida, na kombe lenye jina la sabuni lilikuwa tangazo lililosafiri bila kulipiwa nauli kila mwaka.

Neno kombe lenyewe lina mengi ya kusema. Katika Kiswahili, kombe ni sahani kubwa ya kupakulia chakula cha watu wengi. Aidha ni gamba la mnyama wa baharini, na ni maandishi matakatifu yanayooshwa kwa maji na kunywewa kama dawa. Lugha ilipohitaji jina la tuzo ya mshindi, ililichukua neno la chombo ambacho watu hukizunguka pamoja na kuligeuza kuwa jina la kitu ambacho mmoja hukibeba na wengine kukikosa. Ushirika na ushindani vikakaa ndani ya neno moja. Historia ya Kombe la Gossage ni historia ya maana hizo mbili kuvutana.

Mchuano wa kwanza ulifanyika jijini Nairobi mwezi wa Mei 1926, baina ya Kenya na Uganda. Timu hizo zilitoka sare ya bao 1-1, ikabidi mechi irudiwe, na Kenya ikashinda kwa mabao 2-1. Ili kuuelewa uzito wa safari za wakati huo, yafaa kukumbuka kwamba reli ilikuwa haijafika Kampala. Ingefika huko mwaka wa 1931. Njia ya kawaida kati ya miji hiyo miwili ilikuwa ya meli juu ya Ziwa Viktoria hadi Kisumu, kisha garimoshi hadi Nairobi. Kwa takriban miongo miwili kombe likabaki kuwa la ndugu hao wawili, kila mmoja akimwinda mwenzake.

Maeneo Manne, Lugha Moja

Mnamo mwaka wa 1945 Tanganyika ilijiunga na mashindano, na kabla ya muongo huo kwisha Zanzibar nayo ikaingia. Hivyo kombe likawa la maeneo manne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Msomaji wa jarida la Kiswahili ataitambua mara moja orodha hiyo. Ni maeneo hayohayo manne yaliyowakilishwa katika Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka wa 1930 kwa lengo la kusanifisha Kiswahili, na ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi uliowauma wapenzi wa Kimvita kwa miaka mingi. Kwa hiyo, wakati uleule ambapo watawala walikuwa wakitafuta tahajia moja na kamusi moja kwa maeneo manne, kombe la sabuni lilikuwa likielekea, polepole, kuyakutanisha maeneo yayo hayo kwenye kiwanja kimoja.

Kuna kinaya hapa. Zanzibar, iliyotoa lahaja ya kusanifishwa na hivyo kutangulia mezani, ndiyo iliyoingia mwisho uwanjani. Tena, katika historia yote ya Kombe la Gossage, Zanzibar haikulitwaa hata mara moja. Uganda ndiyo iliyolinyakua mara nyingi zaidi, ikifuatwa na Kenya. Tanganyika, mgeni wa mwaka wa 1945, haikuchelewa kuzoea: ililitwaa kombe kwa miaka mitatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951.

Jezi Kabla ya Bendera

Ushindi huo wa Tanganyika unastahili kutazamwa kwa jicho la mwanahistoria. Mwaka wa 1949 chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa. Kingeundwa mwaka wa 1954. Uhuru ulikuwa umbali wa miaka 12. Jina Tanganyika lenyewe, kama jina la nchi, lilikuwa limetumika kwa takriban miaka 30 tu, tangu Waingereza walipolipa jina hilo eneo walilowapokonya Wajerumani. Hali kadhalika, Kenya ilikuwa imeitwa Koloni la Kenya kuanzia mwaka wa 1920. Timu iliyoingia uwanjani mwaka wa 1926 ilibeba jina ambalo halikuwa hata na umri wa mtoto wa darasa la kwanza.

Ikumbukwe pia jinsi Mwafrika alivyotambuliwa na dola katika Kenya ya enzi hiyo. Mwanamume alilazimika kubeba kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande kilimtaja kwa kabila lake na kwa mwajiri wake. Hakikumtaja kama raia, kwa maana hakuwa raia wa kitu chochote. Kandanda ilifanya jambo ambalo kipande hakikufanya: iliwakusanya watu kumi na mmoja na kuwaita, kwa jina moja, Kenya. Mtazamaji aliyesimama pembeni mwa kiwanja hakulazimika kuuliza nani katoka mlima gani wala anamfanyia kazi nani. Aliuliza tu: Kenya imefunga?

Neno taifa pia lilikuwa safarini. Katika kamusi za Kiswahili za enzi ya ukoloni, taifa lilifasiriwa kwa maana ya kabila na vilevile watu wa nchi moja, bila mpaka mkali kati ya maana hizo mbili. Maana tunayoizoea leo, ya watu wa asili mbalimbali walio chini ya dola moja, ilikomaa pamoja na harakati za uhuru. Benedict Anderson, katika kazi yake ya mwaka wa 1983, anaeleza taifa kuwa jamii inayojengwa katika fikira, kwa kuwa watu wake wengi hawataonana kamwe, na anatilia mkazo mchango wa maandishi ya kuchapishwa katika ujenzi huo. Hoja hiyo ina mashiko, lakini katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 na 1940 wasomaji wa magazeti walikuwa wachache. Uwanja haukudai kisomo. Eric Hobsbawm, akiandika mwaka wa 1990, anaelekea huko anapodokeza kuwa jamii ya mamilioni inayofikiriwa huonekana halisi zaidi inapokuwa timu ya watu kumi na mmoja wenye majina.

Majina hayo yalikuwako. Katika Kenya ya miaka ya 1950, Elijah Lidonde alikuwa mshambuliaji aliyesifika kote ukandani, na baada yake akachomoza Joe Kadenge, aliyefariki mwaka wa 2019 akiwa bado kipimo ambacho wachezaji wa Kenya hupimwa kwacho. Kwa upande wa Uganda, timu yake ilizuru Uingereza mwaka wa 1956 na kucheza huko miguu mitupu. Ziara hiyo ilikuja miaka sita kabla ya Uganda kujitawala. Waingereza waliokuja kutazama walitangaziwa kuwa wanacheza na Uganda. Hawakuambiwa wanacheza na nchi lindwa.

Sarufi ya Ushindi

Baada ya uhuru, mtu asiyeweza kulipa kiingilio aliletewa uwanja nyumbani na redio. Sauti ya Kenya, iliyochukua jina hilo mwaka wa 1964, ilikuwa na watangazaji waliokigeuza Kiswahili kuwa macho ya msikilizaji. Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia mwaka wa 2025, anakumbukwa kwa kauli "Kadenge na mpira", maneno mawili na kiunganishi kimoja, bila kitenzi. Kitenzi hakikuhitajika. Msikilizaji alijua kwamba kitu kiko karibu kutendeka. Kauli hiyo ikatoka redioni ikaingia mitaani, na hata watu ambao hawakuwahi kumwona Kadenge akicheza wameirithi.

Watangazaji hao walihitaji msamiati, na Kiswahili hakikuwa na haya ya kukopa. Refa, goli, kona na penalti vilivaa sauti za Kibantu vikawa wenyeji. Sambamba na mikopo hiyo yakastawi maneno na tamathali za nyumbani: kandanda, kabumbu, gozi, dimba, kutikisa nyavu, kutia kimiani. Istilahi za vita nazo zikaingia: ngome, safu, mashambulizi. Rejista ya soka ikawa mojawapo ya rejista tajiri zaidi za Kiswahili, na ilijengwa na watu waliokuwa wakikimbizana na mpira, si na kamati.

Hata hivyo, jambo lenye uzito zaidi liko katika upatanisho wa kisarufi. Mtangazaji husema "Kenya imefunga", "Uganda inashambulia". Kitenzi hakipatani na wachezaji, ambao wangedai kiambishi wa-, bali kinapatana na jina la nchi, kwa kiambishi i-. Kisarufi, nchi yenyewe ndiyo inayokimbia, inayoteleza, inayofunga. Mchezo unapokwisha, shabiki naye hubadilisha kiambishi hicho kwa kingine. Hasemi "imeshinda". Husema "tumeshinda", ingawa alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni kwake. Kutoka i- hadi tu- ni hatua ndogo kwa ulimi lakini ni hatua kubwa kwa historia. Aliyetamka tu- hiyo kwa mara ya kwanza akimaanisha Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar alikuwa ameingia katika jamii mpya, hata kama sheria ilikuwa bado inamwita mtawaliwa.

Kombe Labadili Jina

Nchi zilipopata uhuru, Tanganyika mwaka wa 1961, Uganda mwaka wa 1962, Kenya na Zanzibar mwezi wa Desemba 1963, kombe lenye jina la kampuni ya sabuni lilianza kuonekana kama nguo ya kuazima. Mashindano ya mwisho kwa jina la Gossage yalichezwa mwaka wa 1966. Kuanzia mwaka wa 1967 hadi 1971 yaliitwa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na mwaka wa 1973 yakaanza upya chini ya shirikisho la CECAFA. Wanachama wakaongezeka, na kombe likapata makao mapya: Malawi ikalitwaa mwaka wa 1978 na 1979, Sudan mwaka wa 1980. Kisha Kenya, chini ya kocha Marshall Mulwa, ikalibeba mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983.

Ushindi wa mwaka wa 1981 ulipatikana Dar es Salaam, na hapo pana funzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka wa 1967 ilikuwa imevunjika mwaka wa 1977. Reli, bandari na ndege za pamoja zilikuwa zimegawanywa kwa ugomvi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu mwaka huo hadi mwisho wa 1983. Katika kipindi hichohicho timu ya Kenya ilikwenda Dar es Salaam, ikacheza, ikashinda, ikarudi na kombe. Taasisi zilizoundwa kwa mikataba zilikufa. Mashindano yaliyoasisiwa kwa tangazo la sabuni yakaendelea. Huenda sababu ni kwamba mikataba ilidai nchi zikubaliane, ilhali kombe lilidai tu zikubali kushindana.

Zanzibar: Wingi wa Nafsi

Hakuna mahali ambapo urithi wa Kombe la Gossage unaonekana wazi kama Zanzibar. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika, na katika sheria ya kimataifa zikawa nchi moja. Katika mashindano ya ukanda huu, hata hivyo, Zanzibar iliendelea kuingia uwanjani kwa jina lake, kwa kiti kilekile ilichokalia tangu miaka ya 1940. Mwaka wa 1976 ilikuwa mwenyeji wa mashindano. Mwaka wa 1995, nchini Uganda, ilitwaa ubingwa iliokuwa imeukosa tangu enzi za Gossage.

Mpangilio huo umezaa majina yanayostahili kuchunguzwa. Timu ya Jamhuri ya Muungano nzima huitwa Taifa Stars. Katika Kombe la Chalenji, ambako Zanzibar husimama peke yake, timu ya Bara imekuwa ikivaa jina Kilimanjaro Stars. Neno taifa huwekwa kando, na mlima unachukua nafasi yake. Ni kana kwamba lugha inatambua kuwa nusu haiwezi kujiita zima.

Mwaka wa 2017 ulileta suala hili kileleni. Mwezi wa Machi Shirikisho la Kandanda Afrika, CAF, liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Mwezi wa Julai uanachama huo ukafutwa kwa hoja kwamba haikupasa kukubaliwa tangu awali, kwa kuwa nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Mwezi wa Desemba, katika Kombe la Chalenji lililoandaliwa Kenya, timu hiyo iliyokwisha kuambiwa kuwa si nchi iliilaza Tanzania Bara 2-1, ikaitoa Uganda katika nusu fainali, na kufika fainali mjini Machakos. Huko ilitoka sare ya mabao 2-2 na Kenya, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2.

Wapo wanaoona kuwa hali hii ni mkanganyiko unaopaswa kusahihishwa. Wengine wanaiona kama haki ya kihistoria. Makala haya hayakusudii kuhukumu siasa za Muungano. Yanachobainisha ni kwamba shabiki wa Unguja au Pemba ana tu- mbili: anaweza kusema "tumeshinda" kwa Taifa Stars leo na kwa Zanzibar Heroes kesho, na asijione mwongo katika kauli yoyote kati ya hizo. Sarufi inamruhusu. Nafsi ya kwanza wingi haina idadi maalumu.

Hitimisho

Imebainika kuwa Kombe la Gossage lilianza kama njia ya kuuza sabuni, likakua hadi kuwa mojawapo ya mahali pa mwanzo ambapo majina ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar yalipata watu wa kuyashangilia. Waliochora mipaka walifanya hivyo mezani. Waliowafanya watu waione mipaka hiyo kuwa yao, na pia wawaone majirani kuwa wa kushindana nao bila kuchukiana, ni pamoja na wanakandanda ambao wengi wao hawakuandikwa popote.

Mashindano yaliyorithi kombe hilo yamekuwa na misimu ya kusuasua. Uganda ililitwaa mwaka wa 2019 mbele ya mashabiki wake jijini Kampala, na mwaka wa 2021 yakachezwa na vijana wa chini ya umri wa miaka 23. Hata hivyo, mbegu haijaoza. Mwaka wa 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2027, na mwezi wa Agosti 2025 zikaandaa mashindano ya CHAN, ambapo Uwanja wa Amaan kule Zanzibar ulikuwa mmojawapo wa viwanja vilivyotumika. Ombi la nchi hizo la mwaka wa 2027 lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja. Jina hilo halikuhitaji kutafsiriwa Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, iko kazi ya kufanywa. Rejista ya soka imechunguzwa kwa kiasi, lakini kumbukumbu za wachezaji, watangazaji na mashabiki wa enzi ya Gossage ni fasihi simulizi inayotoweka kila mzee mmoja anapozikwa. Kinasa sauti na subira vinatosha kuanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko katika kumbukumbu ya ukanda mzima.